Picha Sitini za Birika

Saa nane mchana basi la shule huniteremsha kwenye kona ya mtaa wetu hapa Al Khoudh, nami hukimbia mpaka mlangoni kwa sababu jua la Maskati halina huruma hata mwezi wa Septemba. Navua viatu, nambusu bibi mkono, nakula, nasali, kisha nafungua tableti yangu. Watoto wengine hufungua tableti wakacheza. Mimi mwaka huu nilikuwa naifungua kutazama wadudu, na msinicheke, maana nilikuwa najidai sana kwa kazi hiyo.

Jina langu ni Aseel, nina miaka kumi na miwili. Shangazi Nadra, dada yake baba, ni mtafiti wa wadudu wa majini. Wadudu wenyewe ni wale wembamba wanaotembea juu ya maji bila kuzama, wale tunaowaona wakiteleza kwenye madimbwi ya mabondeni baada ya mvua. Wanafunzi wake walikuwa wamewapiga picha mia nne katika mabonde na mabirika ya mashamba, na kila mdudu alipigwa karibu na kipande cha rula ili urefu wake ujulikane. Kilichobaki kilikuwa kuzitazama picha na kuandika aina ya kila mdudu. Shangazi alituchagua mimi na jirani yetu Rawan, tunayesoma naye darasa moja.

Alitufundisha wiki mbili nzima. "Majibu ni matatu tu," alisema. "Mtaandika 'kubwa', yaani mdudu mzima wa aina kubwa. Au 'mtoto', yaani mtoto wa hiyo aina kubwa. Au 'ndogo', yaani mdudu mzima wa aina ndogo. Sasa nisikilizeni vizuri. Mtoto wa aina kubwa na mzima wa aina ndogo wana urefu mmoja, milimita mbili. Rula itawadanganya. Tazameni miguu."

Aina kubwa, alitueleza, hupiga makasia. Miguu yake ya kati ni mirefu na imeota nyuma, karibu kabisa na ile ya mwisho. Aina ndogo haipigi makasia, inatembea tu, na miguu yake imeachana kwa nafasi sawa. Tena mdudu akiwa na mbawa kamili, basi huyo si mtoto, hata awe mdogo kama punje ya ufuta. Katika picha za majaribio mimi nilipata tisini na mbili kwa mia, Rawan akapata themanini na tano. Siku ile nilimtangazia kila mtu nyumbani, mpaka bibi akasema, "Haya, tumeshasikia, mwanangu. Sasa kula."

Shangazi alikuwa na sharti moja. Kila picha ilitazamwa na sisi wote wawili, lakini kila mmoja kwao, bila kuonyeshana karatasi wala kuulizana. "Mkikubaliana, napokea jibu," alisema. "Mkitofautiana, naitazama picha mwenyewe. Sina muda wa kuzitazama zote mia nne, ndiyo maana nimewaomba nyinyi."

Picha mia tatu za mwanzo nilizitazama kwa bidii. Wallahi nilizitazama. Nilikuza kila picha mpaka mguu wa mdudu ukajaa kwenye kioo. Kisha ukaja mkupuo wa mwisho, picha mia moja. Arobaini zilitoka bondeni, na sitini zilitoka kwenye birika moja kubwa la zamani huko Bawshar, linalohifadhi maji ya falaj, yaani ule mfereji wa kale unaonywesha mitende. Tulipewa Jumamosi, tukaambiwa tuzirudishe Jumatano.

Jumapili nilicheza mchezo wa kujenga mji kwenye tableti. Jumatatu mji wangu ulipata uwanja wa ndege, ningeuachaje? Jumanne mchana nikafungua picha ya kwanza, nikahesabu zilizobaki, nikahisi uvivu umenikalia kichwani. Hapo bibi akaniita.

"Aseel! Mpelekee Rawan supu hii. Nnasikia ana homa tangu juzi, masikini."

Nilimkuta Rawan amelala kitandani, macho mekundu, blanketi mpaka shingoni. Juu ya meza palikuwa na karatasi yake, majibu yote mia moja yamejazwa kwa mwandiko uliopinda. "Nimemaliza leo asubuhi," alisema kwa sauti ya kukwama. "Kichwa kinaniuma, lakini nimemaliza." Akainuka kwenda kunawa uso ili anywe supu.

Mlango wa bafu ulipofungwa, nilitoa simu mfukoni nikaipiga picha ile karatasi. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Rawan aliporudi nilikuwa nimeketi, nimempoozea supu, nikamuuliza anajisikiaje. Nilipomwona anavyonishukuru, uso ulinipata moto.

Nilinakili yote jioni ile. Nikabadilisha majibu matatu katika zile arobaini za bondeni ili karatasi zisifanane mno, nikajiona mjanja kweli kweli.

Alhamisi Shangazi Nadra alikuja kula kwetu chakula cha mchana. Aliingia anacheka. "Mashaallah! Katika picha mia mmetofautiana tatu tu, na hizo nimezitazama, Rawan ndiye aliyepata. Zile sitini za birika hamkutofautiana hata moja. Zote ni 'kubwa' na 'mtoto'. Aina ndogo hamna."

"Na maana yake nini?" bibi aliuliza.

"Maana yake Ami Zahor anaweza kulisafisha birika lake," shangazi alijibu. "Mimi ndiye niliyemzuia. Bondeni maji yamekauka, nikadhani labda aina ndogo imekimbilia kule kungoja mvua. Tungelimwaga lile birika, wangekwisha, na hao ndio wanaokula viluwiluwi vya mbu. Lakini kama ni watoto wa aina kubwa tu, hao wako kila mahali. Wenye mashamba wamengoja miezi miwili, masikini, na tope limejaa."

Akampigia simu hapo hapo. Ami Zahor ndiye msimamizi wa ule mfereji. Alizaliwa Tabora akarudi Oman kijana, na Kiswahili chake ni cha bara. "Basi kesho baada ya sala ya alasiri tunafungua kizibo, Daktari," tulimsikia akisema. "Vijana wako tayari."

Shangazi akanigeukia. "Kesho nitawachukua wewe na Rawan mkaone. Mmeifanya kazi yangu nyinyi." Bibi akaniongeza nyama kwenye sahani. Nilishindwa kuitafuna ile nyama. Nilijua kwamba sikuitazama hata picha moja ya birika.

Baada ya kula nilijifungia chumbani nikazifungua, angalau roho itulie. Nilijiambia Rawan si mjinga, lazima amepata. Picha ya arobaini na moja, ya kwanza ya birika, ilikuwa na ukungu. Ya arobaini na mbili, mdudu alikuwa amejikunja. Ya arobaini na nne ilikuwa safi kama kioo. Rula ilionyesha milimita mbili. Miguu ilikuwa imeachana kwa nafasi sawa, na mgongoni palikuwa na mbawa mbili kamili.

Aina ndogo. Mtu yeyote aliyefundishwa angeiona mara moja. Nikafungua ya hamsini, ndogo. Ya hamsini na tatu, ndogo. Rawan, na homa yake, alikuwa ametazama rula tu, akaandika "mtoto" mpaka mwisho. Hata ujanja wangu ulikuwa wa hasara, maana kama ningebadilisha jibu moja tu kwenye picha za birika, shangazi angeitazama mwenyewe akaona.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliona aibu kuliko lile la kunakili. Sikwenda kwa shangazi. Nilikwenda kwa Rawan.

Homa ilikuwa imemwacha. Nikamwambia shangazi amesema picha za birika tumekubaliana zote na kesho atatuchukua tukaone likimwagwa, kisha nikamwonyesha picha ya arobaini na nne. "Tazama. Hii uliandika 'mtoto'."

Aliitazama, akaweka mkono mdomoni. "Yaa Rabbi! Ana mbawa! Aseel, nimekosea. Nilikuwa sioni vizuri siku ile, nilikuwa natazama urefu tu." Kisha akanikazia macho. "Lakini na wewe uliandika 'mtoto'."

"Ndiyo," nilisema.

"Wewe huwa hukosei miguu."

"Basi nilikosea," nilisema, nikainamisha kichwa nikachezea simu.

Rawan alianza kulia. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyefanya kazi akiwa mgonjwa badala ya kuomba siku mbili zaidi, na kesho garini atamwambia Khaloo Nadra, ndivyo alivyozoea kumwita shangazi. Mimi nilikaa pale, nikamwacha rafiki yangu alie kwa sababu yangu. Mbaya zaidi, moyoni nilisema alhamdulillah, atasema yeye. Mpaka leo nikikumbuka nasikia haya peke yangu.

Ijumaa sikula kitu. "We mtoto una nini?" bibi aliuliza. "Nnakuona tangu jana huna raha. Au na wewe imekushika homa?" Nikamwambia ndiyo, labda homa. Akanigusa paji la uso, akasema, "Mbona huna joto?" Nikakimbilia garini shangazi alipopiga honi.

Tulipotoka tu Al Khoudh, Rawan akaanza. Alikuwa ameketi nyuma, mikono imebana magoti. "Khaloo Nadra, nafikiri nimekosea picha za birika. Nilikuwa na homa. Nyingine ni aina ndogo."

Nilishika mkanda wa kiti kwa nguvu. Sasa imekwisha, nikawaza. Shangazi atageuza gari, na hakuna atakayejua kitu.

Lakini shangazi alicheka kwa upole. "Habibti, hiyo ni homa inakutia wasiwasi. Mimi ningekuwa na karatasi yako peke yake, ningeshituka. Lakini Aseel naye aliandika vile vile, picha sitini zote. Watu wawili waliokaa mbalimbali hawawezi kukosea sawasawa mara sitini. Ndiyo faida ya kutazama wawili."

"Lakini jana tumeona..."

"Khalas, Rawan. Pumzika. Wale watu nimeshawaahidi."

Rawan akanitazama. Alikuwa ananiomba niseme neno moja tu. Nilitazama dirishani, maduka ya Bawshar yakipita. Alikuwa amesema kweli na hakusadikiwa, na sababu ilikuwa karatasi yangu.

Birika lilikuwa nyuma ya shamba la mitende, kubwa kama uwanja wa mpira wa wavu, maji yake ya kijani. Vijana wanne walikuwa wamekunja suruali. Ami Zahor, mzee mrefu mwenye kofia nyeupe, alitupokea kwa kahawa na tende, akasema walikuwa wanatungoja sisi tu. Juu ya maji, pembeni penye kivuli, niliviona vile vidudu. Vilikuwa vidogo mno, kwa macho matupu ni nukta tu zinazotembea.

"Bismillahi," alisema Ami Zahor. Kijana mmoja akachomoa jiwe lililofungwa matambara. Maji yakatoka kwa kishindo kwenye mfereji wa chini, na zile nukta zikaanza kuvutwa pole pole kuelekea tunduni.

"Zibeni!" nilipiga kelele. "Ami Zahor, zibeni! Tafadhali!"

Kila mtu aligeuka. Shangazi akanishika bega. "Aseel! Nini?"

"Sikutazama," nilisema. Nilikuwa nalia tayari, maneno yanatoka vipande vipande. "Sikutazama hata moja, shangazi. Niliipiga picha karatasi ya Rawan alipokwenda kunawa. Nilinakili. Rawan alikuwa mgonjwa, alikosea, lakini alitazama. Mimi sikutazama. Ni aina ndogo, arobaini na nne ina mbawa, nimeiona jana. Jana nilijua."

Shangazi alitoa simu, akaifungua ile picha, akaikuza. Uso wake ulibadilika. "Zibeni," aliwaambia wale vijana kwa sauti ndogo. Jiwe likarudishwa, matambara yakasukumwa kwa mguu, maji yakanyamaza. Yalikuwa yamepungua kiasi cha shubiri moja ukutani.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukitegemea, na kiliniuma kuliko kama ningepigwa. Shangazi yangu, ambaye watu wote humheshimu, alisimama mbele ya Ami Zahor na wale vijana akawaomba radhi. Alisema kosa ni lake, kwa sababu kazi ni yake. Mmoja wa vijana akang'aka kwamba ameacha shughuli zake kwa ajili ya siku hii. Alikuwa na haki. Nikawaomba radhi na mimi, yeye na wenzake na Ami Zahor, mmoja mmoja.

Ami Zahor alijikuna ndevu. "Tope siwezi kuliacha tena, Daktari. Mitende haingoji. Lakini tukipanga mifuko ya mchanga katikati, tunaweza kumwaga nusu hii, tukaiosha, tukairudishia maji, kisha nusu ya pili mwezi ujao. Hawa wadudu wako watahamia upande wenye maji wenyewe. Kazi itakuwa mara mbili, lakini inawezekana."

"Mimi nitajaza mifuko," nilisema haraka.

"Utajaza," alisema, bila kutabasamu. Na nilijaza, siku hiyo mpaka magharibi, mimi na Rawan na hata shangazi, viganja vikachubuka. Rawan alifanya kazi upande wa pili wa rundo la mchanga. Hakunisemesha.

Tulipofika Al Khoudh aliteremka garini, nikamfuata mpaka getini kwao. Nikamwambia nisamehe.

"Nimekasirika," alisema. "Si kwa kunakili. Kwa jana, uliponiacha nalia na unajua. Kesho pia nitakuwa nimekasirika. Njoo Jumapili." Akafunga geti.

Nilirudi garini nikamkuta shangazi amezima injini, ananingoja. Aliuliza, "Na zile mia tatu za mwanzo?"

"Zile nilizitazama mwenyewe. Wallahi."

"Nitajuaje?"

Nilikuwa nasema kweli, na sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Sikuwahi kufikiri kwamba uongo wa jioni moja unaweza kula na kazi nzuri ya wiki zote zilizotangulia. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu kwamba nitazitazama upya zote mia nne, na Rawan atazitazama upya zile sitini, na yeye atachagua hamsini popote anapotaka azikague. Niliitikia kwa kichwa.

Ilinichukua wiki tatu. Mji wangu kwenye tableti ulibomoka kwa kukosa mwenyewe, na sikuujenga tena. Nilipopeleka karatasi, shangazi alizilaza zangu na za Rawan kwenye meza ya kulia, akashusha miwani, akapitisha kalamu mstari kwa mstari. Mimi na Rawan tulikaa tukimtazama. Rawan alikuwa ameanza kunisemesha tena, ingawa si kama zamani.

"Katika zile sitini mmetofautiana tisa," alisema shangazi mwishowe.

Nilishusha kichwa. "Tumekosea tena."

"Ndiyo. Tano amepata Rawan, tatu umepata wewe, na moja mmekosea wote wawili, kila mtu kosa lake." Akavua miwani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya birika alinitazama kwa uso wake wa siku zote. "Nisikilize, Aseel, na wewe Rawan. Mimi siogopi makosa. Kosa la mtu aliyetazama hujitokeza lenyewe, nikalirekebisha, tukaendelea. Kosa la mtu ambaye hakutazama, mimi sina njia ya kuliona. Limevaa nguo ya mwenzake. Ukichoka, niambie umechoka. Usipojua, andika hujui. Lakini ukiniandikia kwamba umeona, basi uwe umeona."

"Nimekufahamu, shangazi," nilisema.

"Haya," alisema, akazisukuma zile picha tisa mbele yetu. "Vuteni viti. Tuzitazame pamoja."